Paka Shume Anapigana na Paka Wetu Kila Usiku: Tufanye Nini?

SWALI

Assalaam alaykum Maalim,

Naandika kutoka Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, ambako naishi katika nyumba ya ukoo pamoja na mume wangu, watoto wetu na mama mkwe wangu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi. Tuna paka wawili, jike mmoja tuliyempokea akiwa mdogo na mwanawe dume ambaye sasa ametimia miaka miwili, na wote hutoka na kuingia wapendavyo kwa sababu uwani kwetu ni wazi na paa letu linapakana na mapaa ya majirani.

Tangu baada ya Ramadhani ameanza kuja paka shume mmoja mkubwa, wa kijivu mwenye mabaka, ambaye mwanzo tulimwona akizunguka njia ya diko la samaki. Mchana hulala chini ya baraza yetu na hamsumbui mtu, lakini usiku hupanda juu ya ukuta wa uwani akapambana na dume letu mpaka mtaa mzima ukaamka. Dume letu limerudi na majeraha ya shingo na mguu, na mlango wetu wa mbele unanuka mkojo wa paka hata ukioshwa. Huyo shume mwenyewe sasa hali yake si nzuri: shavu la upande mmoja limevimba, jicho la upande huo limefumba nusu, na tangu juzi hagusi vichwa vya samaki ninavyomwekea.

Nyumbani tumegawanyika. Mume wangu anataka kumtia ndani ya gunia ampeleke shamba, mbali na mji. Mama mkwe hataki paka afukuzwe mlangoni kwake, na hukumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka. Mdogo wangu ameshauri nimsagie nusu ya kidonge cha Panadol ndani ya maziwa ili apunguziwe maumivu, nami kidonge nimeshakiweka tayari ila moyo umesita. Jirani anasema dawa ni kumhasi, lakini nasikia kufanya hivyo ni haramu, na hata kama si haramu sijui kama humsaidia paka aliyekwisha kuwa mtu mzima. Je, akipona, nimfuge? Na je, dume letu, ambalo ndilo linaloonewa, nalo lina haja ya kuhasiwa? Nisisahau pia kwamba mwanangu wa miaka tisa alijaribu kuwaamua akakwaruzwa mkononi, ingawa kidogo tu.

Nitashukuru kwa nasaha zako.

Mwalimu wa Malindi

JIBU

Waalaykum salaam, Mwalimu.

Nitaanza na mwanao, kwa sababu umemtaja mwishoni kabisa na kwa maneno machache, ilhali yeye ndiye asiyefaa kusubiri. Mkwaruzo wa paka asiyejulikana, hata ukiwa mdogo, huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo ili daktari aamue kama anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina la maradhi hayo lisikudanganye, kwani paka naye huyapata na huyaambukiza, na dalili zikishamtokea binadamu huwa hakuna tena tiba ya kumwokoa. Kwa hiyo, hata kama siku kadhaa zimepita tangu akwaruzwe, mpeleke leo, umweleze daktari kwamba paka mwenyewe ni wa mtaani na bado anaonekana. Mwulize mtoto vizuri pia kama ni ukucha au ni jino, kwa kuwa watoto huficha wakiogopa kukemewa. Jino la paka ni jembamba kama sindano, huacha tundu dogo juu ya ngozi na vijidudu vingi chini yake, na mkono ulioumwa huweza kuvimba na kuwaka moto kabla ya siku ya pili.

Sasa kile kidonge: kitoe jikoni, usimpe. Panadol, au dawa yoyote yenye parasetamoli, ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama linavyofanya ini letu, hivyo damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ufizi wake hugeuka rangi ya udongo, uso na miguu huvimba, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Nusu yake si salama pia. Moyo wako ulisita kwa haki. Vivyo hivyo, usimsafishe kidonda kwa ile dawa ya maji ya kuulia vijidudu ambayo hugeuka nyeupe kama maziwa ikichanganywa na maji, kwa sababu paka hujilamba, na kilichopakwa juu ya manyoya huishia tumboni.

Kwa maelezo uliyoyatoa, huyo shume ana jipu la kuumwa. Dume la paka lisilohasiwa likishakomaa huwa na mashavu mapana yaliyojaa sawasawa pande zote mbili, na hayo ni maumbile yake. Lakini shavu moja linapovimba peke yake, jicho likafumba na mnyama akaacha chakula, mara nyingi maana yake ni kwamba jino la mwenzake lilipenya, tundu likajifunga juu kwa haraka, na usaha ukabaki ndani ukijikusanya. Uvimbe huonekana siku mbili hadi nne baada ya ugomvi. Huweza kupasuka wenyewe, ukatoa usaha wenye harufu kali, na hapo paka huonekana amepata nafuu ghafla, jambo ambalo huwafanya watu wengi wadhani kazi imekwisha. Haijakwisha, hasa katika joto letu, kwa sababu nzi hutaga mayai katika kidonda kilicho wazi na funza wakaingia. Anahitaji daktari wa mifugo ampasue jipu kwa usafi, alioshe ndani, na amchome dawa ya kuua bakteria inayomfaa paka. Vidonge vilivyobaki nyumbani kutoka kwa mgonjwa mwingine havifai, kwani kipimo chake si cha paka na baadhi yake humdhuru. Ikiwa jipu litapasuka kabla hujampata daktari, na paka akakubali kuguswa, unaweza kulimwagia maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, bila kusugua. Asipokubali, mwache, usije ukawa mgonjwa wa pili wa nyumba hiyo.

Dume lenu nalo litazame leo. Pitisha vidole polepole shingoni, kwenye mashina ya miguu na chini ya mkia, ukitafuta mahali penye joto, panapouma, au penye manyoya yaliyogandamana na kikoko kidogo. Paka wanaoumana kwa kina huweza pia kuambukizana virusi vya FIV, ambavyo hudhoofisha kinga ya mwili ya paka pole pole na havina tiba ya kuviondoa. Havimwingii binadamu, wala havina haja ya kukutia hofu kubwa, ila ni sababu nzuri ya kumwomba daktari awapime damu madume wote wawili kama kipimo kinapatikana.

Kuhusu gunia, naomba umsomee mumeo aya hii, naye asinichukie. Najua anachotaka ni usingizi, na mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini ana haki ya usingizi. Lakini paka mgonjwa ndani ya gunia juani huweza kufa kwa joto kabla ya kufika Mwera huko shamba, na akifika hai atatupwa katika eneo la paka wengine wenye madume wao, asijue maji yalipo wala pa kujificha, akiwa na shavu lililojaa usaha. Wapo paka wanaorudi walikotolewa. Na hata asiporudi, nafasi yake haitakaa tupu, kwa sababu Malindi ina diko, ina majaa ya matumbo ya samaki, na ina jike lenu. Litakuja shume jingine, na nyinyi mtaanza upya na mgeni msiyemjua tabia. Huyu angalau mchana hana ugomvi na mtu.

Nimemtaja jike, na hapa ndipo nataka ukae nami kidogo, maana katika barua yako yote umemwandika mara moja tu na ukapita. Madume wawili hawagombani juu ya ukuta wako kwa chuki tu. Wanagombania eneo, na ndani ya eneo hilo wanagombania jike. Katika nchi za baridi paka jike hupumzika miezi ya siku fupi, kwa sababu mwili wake huamshwa na urefu wa mchana, lakini sisi Unguja tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa kwa mwaka haifiki saa moja, na kwa hiyo jike wetu huweza kutaka dume mwezi wowote. Asipopandwa, hali hiyo humrudia baada ya wiki mbili au tatu, naye hulia na kuacha harufu inayowaita madume kutoka mitaa ya mbali. Akipandwa, hubeba mimba kwa takriban miezi miwili, na huweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Sijui mnawapeleka wapi watoto wake, nami sikuulizi, lakini dume lenu ni mwanawe, na paka hawana mipaka ya unasaba, kwa hiyo bila shaka unaona nyumba yenu inaelekea wapi.

Kwa sababu hiyo sikubaliani nawe unaposema dume lenu ndilo linaloonewa. Paka wa miaka miwili, mwenye korodani zake na anayekula vizuri, hapandi ukutani usiku wa manane kwa kulazimishwa. Anatoka kwenda kupigana. Mkimhasi shume peke yake na kumwacha wenu, mtakuwa mmemnyang'anya silaha mmoja na kumwachia mwingine, na atakayeonewa safari hiyo ni yule mgeni. Wahasiwe wote wawili, na jike afungwe kizazi, ikiwezekana kwa daktari mmoja na ndani ya mwezi mmoja. Kama fedha haitoshi kwa wote watatu kwa pamoja, wewe ungeanza na shume kwa sababu ndiye unayemwogopa. Mimi ningeanza na jike.

Umeuliza kama kumhasi paka mtu mzima kunasaidia. Kunasaidia sana. Katika utafiti wa Hart na Barrett uliochapishwa Marekani mwaka 1973, uliowahusu hasa madume wakubwa waliohasiwa baada ya tabia hizo kuwakaa, ugomvi ulipungua kwa takriban paka tisa katika kila kumi, wengine mara moja na wengine pole pole. Kuzurura na kukojolea kuta navyo vilipungua kwa walio wengi. Ule mkojo wa mlangoni kwenu ndio alama ya dume inayosema kwamba hapa pana mwenyewe, na harufu yake kali hupungua homoni ya kiume ikishatoka mwilini. Kwa sasa paoshe kwa sabuni ya unga na maji ya moto, kisha suuza vizuri, na usimwage dawa ya kung'arishia nguo nyeupe juu ya mkojo, kwani vikikutana hutoa mvuke unaowasha macho na kifua.

Subira itahitajika, kwani dume aliyehasiwa hatulii usiku ule ule. Homoni huchukua wiki kadhaa kwisha nguvu, na katika wiki hizo, kiasi cha sita, bado huweza kumpa jike mimba.

Suala la haramu na halali si langu kulifungia hukumu, ila naweza kukueleza lilipo. Imam Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafi, alikataza kumhasi mnyama asiyeliwa, na hilo ndilo unalolisikia mtaani. Wapo wanazuoni wengine, wakiwemo wa zama hizi, walioruhusu kwa paka pale wanapokuwa wengi wakaleta madhara, kwa sharti kwamba kazi hiyo haimtesi mnyama. Mwendee sheikh unayemwamini, au Ofisi ya Mufti, na umweleze hali kama ilivyo: kwamba mnyama hulazwa kwa dawa ya usingizi asisikie kisu, kwamba lengo ni kuzuia majeraha na vifo vya paka wachanga wasio na mlezi, na kwamba njia nyingine mlizonazo ni gunia au kummwagia maji ya moto. Mtu akiulizwa swali kamili hutoa jibu linalokaa. Na mama mkwe wako mwambie kwamba hadithi aliyoikumbusha ni sahihi, nayo imepokewa kwa njia ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe. Bibi huyo akikuunga mkono, mazungumzo na mumeo yatakuwa mepesi.

Kumkamata shume kusifanywe kwa mikono wala kwa gunia. Ulizia mtego wa sanduku la waya kwa daktari wa mifugo wa wilaya yako au kwa watu wanaoshughulikia wanyama hapa Unguja, ule mtego wenye mlango unaojifunga paka akikanyaga kibao cha ndani. Angekuwa mzima, ungemlisha ndani ya mtego siku kadhaa mlango ukiwa umefungwa kwa kamba usianguke, mpaka aingie bila wasiwasi. Huyu anaumwa, hivyo tega leo kwa kitu chenye harufu, samaki wa kuchoma au dagaa walioloweshwa, maana paka mwenye homa hunusa kwanza na kuamua baadaye. Akishaingia, funika mtego wote kwa kanga ya zamani. Giza litamtuliza kuliko maneno yako. Daktari ndiye atakayesema kama atamhasi siku hiyo hiyo au atasubiri jipu na homa vitulie, nami ningetarajia asubiri. Muombe pia amchanje kichaa cha mbwa, awachanje na wenu, na amkate ncha ya sikio moja akiwa bado amelala, ili kila mtu mtaani ajue kwamba huyu ameshahasiwa na asikamatwe tena bure.

Baada ya upasuaji asiachiwe akiwa bado anayumba. Dume hukaa ndani ya kizimba au chumba kitupu hadi siku ya pili, juu ya magazeti badala ya mchanga ili vumbi lisiingie kwenye jeraha, na jike hukaa siku zaidi kwa kadiri daktari atakavyoagiza. Kisha shume arudishwe pale pale chini ya baraza yenu, si mtaa mwingine.

Wakati mnasubiri haya yote, jambo litakalowapa usingizi ni dogo: paka wenu wawili waingie ndani kabla ya Magharibi na mlango wa uwani ufungwe mpaka kuche. Walisheni jioni, ndani, na hawatachelewa kurudi. Jike akianza kulia kutaka dume, afungiwe chumba cha juu, dirisha likiwa na wavu. Shume naye apewe chakula chake nje, saa ile ile kila siku, mbali na mlango wenu na mahali ambapo wenu hawamwoni akila, na sahani iondolewe baada ya nusu saa. Chakula kinacholala nje usiku ndicho kinachowaleta paka wa diko zima, pamoja na panya. Waombe majirani nao matumbo ya samaki wayafunge kwenye mfuko badala ya kuyatupa kichochoroni. Ombi hilo lifikishwe na mama mkwe wako, kwani kwa umri wake atasikilizwa.

Mkiwakuta wanakabiliana, angalieni wako katika hatua gani. Kabla ya kuumana, paka wawili husimama ubavu kwa ubavu, manyoya yamesimama, wakilia kwa sauti ndefu inayopanda na kushuka huku wakitazamana bila kupepesa, na hali hiyo huweza kudumu dakika nyingi. Hapo mnaweza kuwaamua bila kuwagusa, kwa kusukuma sinia kubwa au ubao baina yao ili wasionane, kwa sababu macho yakitengana mmoja hupata nafasi ya kuondoka bila aibu. Wakishashikana, mwagieni maji baridi au gongeni sufuria, na mikono ikae mbali. Mtoto asiwepo kabisa. Maji ya moto hayamfundishi paka chochote, humchoma ngozi tu, na paka aliyeungua ni hatari zaidi kwa watoto kuliko aliyeshiba.

Umeuliza umfuge akipona. Usimwingize ndani kwa nguvu, wala usimweke chumba kimoja na wenu. Mfanye wa barazani kwanza, mwenye sahani yake na boksi lake la kulalia mahali pasiponyeshewa. Akizoea sauti zenu na wenu wakaacha kumtishia, mnaweza baadaye kuacha mlango wazi mchana mkiwa mpo, muone kama ataingia mwenyewe. Wengine huingia, wengine hubaki wa nje maisha yao yote wakiwa na afya.

Ikipita miezi mitatu tangu wote watatu wahudumiwe na bado mnasikia vita juu ya ukuta, msikimbilie kumlaumu huyu mwenye sikio lililokatwa. Tokeni na tochi mtazame ni nani anayegombana, maana huenda ni dume la nyumba ya tatu, na mwenyewe hajaambiwa.